Anayetaka lenzi moja ya kazi zote aanze kwa tarakimu ndogo

MNUNUZI wa lenzi ya kamera huvutwa kwanza na tarakimu kubwa. Akionyeshwa lenzi mbili kabatini, moja imeandikwa 18-140 na nyingine 18-300, moyo wake huiendea ya pili bila kushauriwa na mtu, kana kwamba anachagua kati ya kilo moja na kilo mbili za sukari.

Hata hivyo, kwa mtu anayepiga picha za maisha ya kawaida, yaani harusi za jamaa, watoto nyumbani, sherehe za shule, likizo ya pwani na safari moja moja ya mbugani, tarakimu inayostahili kuchunguzwa zaidi ni ile ndogo inayotangulia. Kosa katika tarakimu hiyo halirekebishiki, ilhali upungufu wa ile kubwa una dawa.

Suala lenyewe si dogo. Lenzi ya aina hii yaweza kummalizia mwalimu au karani akiba ya miezi kadhaa, na akishaondoka nayo dukani, si rahisi irudishwe kwa sababu tu imeshindwa kumwingiza nyanya yake katika picha ya familia.

Tarakimu hizo ni milimita, nazo hueleza upana wa eneo ambalo lenzi inaona. Kadiri milimita zinavyopungua ndivyo lenzi inavyoona eneo pana zaidi. Zikiongezeka, eneo husinyaa na kilicho mbali huonekana kimesogea karibu. Lenzi ya 18-200 basi ina uwezo wa kuona kwa upana wa milimita 18, kuvuta hadi 200, na kusimama popote katikati, yote kwa kuzungusha mkono mmoja.

Lenzi za kuvuta za kamera za picha tuli si ngeni. Voigtländer ya Ujerumani ilitoa ya kwanza, Zoomar ya milimita 36-82, mwaka wa 1959. Lakini lenzi moja ya kukidhi takriban kila haja ilienea baada ya kampuni ya Tamron ya Japani kuleta ile ya 28-200 mwaka wa 1992. Nikon ilifuata na 18-200 mwaka wa 2005 kwa ajili ya kamera za dijitali, na kufikia mwaka wa 2017 Tamron ilikuwa imefika 18-400.

Tangu hapo ushindani umekuwa wa nani anavuta mbali zaidi, na mnunuzi amezoeshwa kupima ubora kwa kipimo hicho hicho.

Ni vyema kuchukua mfano wa sebule. Mpiga picha ameegemea ukuta, na jamaa wanane wamejipanga mita tatu mbele yake. Kwa kamera ya kawaida yenye kihisi cha upana wa milimita 23.5 (kihisi ni kile kibapa kilichochukua nafasi ya filamu), lenzi ikiwa kwenye milimita 18 itaona upana wa karibu mita 3.9. Watu wanane wakisongamana wataenea. Lenzi inayoanzia 28 itaona mita 2.5 pekee, na wawili au watatu watabaki nje. Inayoanzia 16 itaona mita 4.4, na bibi harusi hatalazimika kukunja mabega.

Mtu hawezi kurudi nyuma kupita ukuta. Hali ni iyo hiyo katika vichochoro vya Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, ambako nyumba zinatazamana kwa umbali wa hatua chache, na mlango wa nakshi hauingii wote katika picha ila kwa lenzi pana.

Hapa ndipo penye mtego unaowanasa wengi sokoni. Lenzi nyingi za 28-200 zilitengenezewa kamera za filamu ya milimita 35, na kwenye filamu hiyo zilikuwa pana vya kutosha. Zikitiwa katika kamera ya dijitali yenye kihisi kidogo, huona kama lenzi ya 42-300 ingeona kwenye filamu, kwa kuwa kihisi hicho huchukua sehemu ya katikati tu ya taswira. Muuzaji atasifia kwamba sasa inavuta hadi 300. Atakachonyamazia ni kwamba upana umetoweka.

Sasa mfano wa upande wa pili. Katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambako mgeni haruhusiwi kushuka gari kiholela, simba amelala mita 50 kutoka barabarani. Lenzi ikivutwa hadi 300 itaona upana wa mita 3.9 hapo alipo, na mwili wake wa takriban mita mbili utajaza nusu ya picha. Lenzi ya 200 itaona mita 5.9, na simba atajaza thuluthi moja.

Tofauti ipo, na hakuna haja ya kuikana. Lakini mwenye kamera ya megapikseli 24 aliyetumia 200 anaweza kwenda nyumbani, akakata kingo za picha kwenye kompyuta hadi simba awe na ukubwa ule ule wa lenzi ya 300, na bado akabaki na zaidi ya megapikseli 10. Hizo zinatosha kuchapisha picha ya inchi 8 kwa 12 na kuitundika ukutani. Hakuna programu itakayomrejesha shangazi aliyeachwa nje ya picha ya sebuleni.

Isitoshe, lenzi nyingi za aina hii huwa dhaifu zaidi pale zinapovutwa hadi mwisho. Manyoya hupoteza ukali wake, na rangi huchuja kidogo. Ikiwa ni saa saba mchana na joto linapanda kutoka nyikani, mawimbi ya hewa moto huivuruga picha ya mbali hata kwa lenzi ya bei ya gari. Mwenye shauku ya ndege ana kesi tofauti, na kwa kweli hata 300 haitamtosha.

Baada ya upana, jambo la pili ni mwanga, na ndilo linalowaliza wengi baada ya harusi. Kwenye shingo ya lenzi huandikwa tarakimu kama f/3.5-6.3. Hizo hueleza ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, na kadiri tarakimu inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo. Lenzi hiyo ikiwa katika upana wake wote hutumia f/3.5. Ikivutwa hadi mwisho hushuka hadi f/6.3, na mwanga unaoingia huwa chini ya thuluthi moja ya ule wa awali.

Nje, jua likiwaka, hakuna atakayetambua. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, au katika ukumbi ambao taa zimepunguzwa ili keki ikatwe, kamera hujitetea kwa njia mbili: kuacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, hivyo wanaocheza wakatoka kama moshi, au kupandisha kiwango cha ISO, na nyuso zikajaa chembechembe.

Wauzaji hujibu kwamba lenzi ina kifaa cha kutuliza mtikisiko. Nikon hukiita VR, Canon IS, Sony OSS, Tamron VC. Kifaa hicho ni cha manufaa makubwa, na lenzi ndefu isiyo nacho, katika kamera isiyo na chake, ni mzigo. Lakini kinachotulizwa ni mkono wa mpiga picha. Mtoto anayekimbia kupokea zawadi jukwaani hatulizwi nacho, na bila kasi ya shata ya angalau sehemu moja ya 250 ya sekunde atatoka akiwa hana uso.

Kwa sababu hiyo, mwenye fedha za lenzi ya 18-300 atafaidika zaidi, mara nyingi, akinunua ya masafa mafupi kama 18-135 au 18-140, kisha akaongeza lenzi ndogo isiyovuta ya milimita 35 au 50 yenye tundu la f/1.8. Ya 50 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa katika orodha za Canon na Nikon, nayo hupitisha mwanga zaidi ya mara sita ya ule unaopitishwa na lenzi ya kazi zote iliyovutwa hadi milimita hizo hizo. Ni kweli kwamba hapo lenzi zimekuwa mbili. Ya pili hutoka mfukoni jioni tu.

Uzito nao una neno lake. Nikon ya 18-300 iliyotoka mwaka wa 2012 ina gramu 830, ilhali Canon ya 18-150 iliyotengenezewa kamera zisizo na kioo cha ndani, ya mwaka wa 2022, ina gramu 310. Kamera inayochosha shingo huachwa nyumbani, na iliyo nyumbani haipigi picha.

Kuna wanaopinga hoja hii yote kwa kusema kwamba simu ya mkononi tayari inapiga picha pana vizuri. Wana haki yao. Aliyeridhika na simu yake ndani ya nyumba, na anayetafuta kamera kwa ajili ya mbuga na uwanja wa raga pekee, ageuze ushauri huu juu chini: anunue urefu. Hata hivyo, pana na ndefu zimeanza kupatikana pamoja. Tamron ilitoa 16-300 mwaka wa 2014 kwa kamera za kioo, na Sigma ikatoa ya masafa hayo hayo mwaka wa 2025 kwa zile zisizo na kioo. Suala la mwanga ndilo halijapata jibu.

Asiyejua yeye ni wa kundi gani asikisie. Kila picha ya dijitali huhifadhi ndani yake milimita zilizotumika, na kompyuta huzionyesha katika maelezo ya faili. Mwenye kamera iliyokuja na lenzi ya 18-55 apekue picha zake za mwaka mmoja. Zikiwa nyingi zimepigwa kwa 18, anahitaji upana. Zikirundikana kwenye 55, ndipo ana sababu ya kudai masafa.

Lenzi moja ina faida nyingine ambayo Wakenya wanaielewa kuliko walioandika vitabu vya mafunzo ya kamera. Anayebadilisha lenzi garini Amboseli wakati wa kiangazi hukaribisha vumbi lote la mbuga kwenye kihisi. Asiyebadilisha huepuka madoa hayo, ingawa lenzi inayorefuka inapovutwa nayo huvuta hewa, na vumbi jembamba hupenya polepole.

Kwa wanaonunua zilizotumika, pwani ina adui wake: kuvu. Unyevu wa Mombasa na Lamu huotesha nyuzi nyeupe katikati ya vioo, na kuziondoa kwaweza kugharimu kushinda lenzi yenyewe. Lenzi imulikwe kwa tochi kutoka nyuma kabla ya bei kutajwa. Inamishwe pia ikitazama chini, kwani nyingi za kale hujirefusha zenyewe kwa uzito wake.

Mwenye Nikon ndogo kama D40, au za safu za D3000 na D5000, ahakikishe lenzi imeandikwa AF-S au ina mota yake, kwa maana kamera hizo hazina mota ya kulenga, na atajikuta akilenga kwa mkono. Mwenye flashi iliyomo ndani ya kamera ajaribu picha moja kwa milimita 18: lenzi nene hukinga mwanga na kuacha kivuli cha nusu duara chini ya picha.

Yote haya hujaribiwa dukani kwa dakika kumi, kwa kamera ya mnunuzi mwenyewe na kadi yake mwenyewe. Apige ukutani kwa upana wote, apige mlango wa mbali kwa urefu wote, kisha apige ndani bila flashi pale penye kiza zaidi dukani, na azitazame picha hizo zikiwa zimekuzwa kabla ya kutoa pesa.