LMD: kozi ya krediti mbili inaweza kuzuia diploma

Katika vyuo vikuu vya DRC, mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri katika kozi zote kubwa za idara yake na bado akakosa diploma. Inatosha abaki na deni la kozi moja ndogo ya nyongeza, kama vile Kiingereza ama informatiki. Katika mfumo wa LMD, kila kozi ina krediti zake, na hesabu haifungwi mpaka zote zipatikane.

Mfumo huo wa ngazi tatu, yaani lisansi, metrizi na dokta, umo katika sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014. Ulianza kuenezwa katika vyuo vya nchi nzima mwaka wa masomo 2021-2022, wakati Muhindo Nzangi alikuwa waziri wa elimu ya juu.

Zamani mwanafunzi alisoma miaka mitatu ya gradua, kisha miwili ya lisansi. Sasa lisansi ni miaka mitatu tu, na metrizi ni miaka miwili. Ndiyo maana neno "lisansi" linachanganya wazazi na hata waajiri: ile ya zamani ilikuwa ya miaka mitano ya masomo.

Hesabu inavyofanywa

Semesta moja ina krediti 30, mwaka 60. Lisansi inafungwa kwa krediti 180, metrizi kwa 120. Krediti moja ni masaa 25 ya kazi, yakiwemo masaa ya darasani na yale ambayo mwanafunzi anasoma peke yake. Kwa hiyo mwaka mzima ni masaa 1500. Anayengojea mtihani ndipo afungue daftari, huyo ameisha kuchelewa.

Kozi zimekusanywa katika vikundi ambavyo kwa Kifaransa vinaitwa UE. Ili kikundi kihesabiwe, wastani wake unapashwa kufika 10 juu ya 20. Mfano: kikundi kina kozi mbili, moja ya krediti 3, nyingine ya krediti 2. Mwanafunzi akipata 12 katika ile ya kwanza na 7 katika ya pili, wastani ni 10 kamili. Amepata krediti zote 5. Lakini akipata 6 badala ya 7, wastani unashuka hadi 9,6 na kikundi kizima kinabaki deni. Alama moja tu inatosha kubadilisha matokeo.

Kupanda darasa si kumaliza

Mwenye krediti zote 60 anapanda bila shida. Aliyefikisha angalau 45 anaweza kupanda pia, lakini na madeni. Aliye chini ya hapo anarudilia.

Hapa ndipo wengi wanajidanganya. Kupanda na deni si kusamehewa. Kozi ya mwaka wa kwanza inamfuata mwanafunzi hadi mwaka wa tatu, na mara nyingi saa yake inagongana na kozi mpya. Asipoilipa, anafika mwisho na krediti 178, ameandika kazi yake ya mwisho, lakini jina lake halipo kati ya wanaopewa diploma. Kwa familia, hiyo ni minerval ingine na nyumba ya kupanga ingine.

Kwa waliokimbia vita

Kuna upande mwingine wenye faida. Krediti iliyokwisha kupatikana haipotei, na inaweza kuhamishwa kutoka chuo kimoja hadi kingine. Jambo hilo lina uzito mkubwa huku mashariki, tangu waasi wa AFC/M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, na wanafunzi wakatawanyika.

Lakini chuo kinachopokea kinataka karatasi: releve ya alama yenye sahihi na muhuri, inayoonyesha krediti za kila kozi. Kinalinganisha pia kama kozi zinafanana na zake. Asiye na karatasi hiyo anaweza kurudishwa nyuma hata kama alisoma vizuri.

Basi kila mwisho wa semesta, kabla ya likizo, mwanafunzi achukue releve yake, ahesabu krediti mwenyewe, na aende kwa sekretari wa juri akiona kosa. Kosa la mwaka wa kwanza ni rahisi kurekebisha mwaka huohuo. Miaka mitatu baadaye, mwalimu amehama na makaratasi ya mtihani hayaonekani tena.