Jina la kikoa lenye maneno ya maelezo

Jina la kikoa lenye maneno ya maelezo ni anwani ya tovuti inayotaja moja kwa moja bidhaa, huduma au mahali pa biashara. Kwa mfano, Hotels.com inataja hoteli, lakini Amazon.com ni jina la mto lisiloeleza bidhaa zinazouzwa.

Nchini Tanzania

Kikoa cha taifa ni .tz, ambacho kiko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ndani yake kuna co.tz kwa biashara, ac.tz kwa vyuo, go.tz kwa serikali na hotel.tz kwa hoteli. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutumia ajira.go.tz, hivyo anayetafuta kazi hukumbuka anwani hiyo hata asipojua jina kamili la taasisi.

Faida

Ruaha Mbuyuni ni kata ya Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa, kando ya barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa. Inajulikana kwa kilimo cha vitunguu cha umwagiliaji. Tuseme mfanyabiashara wa huko anachagua jina kama vitunguuruaha.co.tz. Mnunuzi wa Dar es Salaam atatambua mara moja kinachouzwa na kinakotoka. Jina hilo ni rahisi kutajwa kwa simu au kuandikwa kwenye gunia, kwa sababu Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Lugha ya jina nayo huchagua wateja: neno "vitunguu" huwalenga wanunuzi wa Afrika Mashariki kuliko wale wa mbali.

Mipaka

Zamani jina lililofanana na maneno yanayotafutwa lilisaidia sana tovuti kutokea juu katika injini za utafutaji. Mnamo Septemba 2012 Google ilitangaza mabadiliko ya kushusha tovuti duni zilizotegemea majina ya namna hiyo. Tangu hapo jina pekee halitoshi: tovuti inahitaji bei, picha na taarifa za kweli.

Jina la jumla pia ni gumu kulilinda kisheria, kwa kuwa kila muuzaji ana haki ya kutumia neno "vitunguu". Nchini Marekani, Booking.com ilifika hadi Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2020 iliamua kwamba jina la aina hiyo linaweza kuwa alama ya biashara iwapo wateja wanalitambua hivyo. Tena, mfanyabiashara akianza kuuza nyanya, jina la vitunguu litambana.

Umiliki

Jina la kikoa halinunuliwi moja kwa moja; husajiliwa kwa muda na kulipiwa upya. Muda ukipita bila malipo, mtu mwingine anaweza kulisajili na kupokea wateja waliozoea anwani hiyo. Kwa sababu hiyo ni muhimu usajili uwe kwa jina la mwenye biashara, si la fundi aliyetengeneza tovuti.