Kipindupindu (4): Sumu ya kuazima

Mvua zimerudi, kipindupindu nacho kimerudi magazetini, na wakubwa wameshaanza kuwalaumu wauza matunda. Nitafika huko. Kwanza tuendelee tulipoishia: bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, amepenya asidi ya tumbo na kujishika kwenye utumbo mwembamba kwa vinyweleo vyake. Anaumizaje, ilhali haingii hata kwenye damu?

Robert Koch alikisia mwaka 1884 kwamba hutoa sumu. Ikatafutwa miaka 75 bila kupatikana, mpaka kwa Sambhu Nath De wa Kolkata, mtu ambaye sichoki kumtaja. De aliona kwamba ugonjwa wa utumbo sharti utafutwe utumboni. Mwaka 1953 alifunga kwa uzi kipande cha utumbo wa sungura aliye hai, akakichoma bakteria, kikajaa maji. Mwaka 1959 akarudia kwa mchujo wa maji walimokuzwa bakteria hao, usio na bakteria hata mmoja. Kikajaa vilevile! Joshua Lederberg, mshindi wa Nobeli, alimpendekeza kwa tuzo hiyo zaidi ya mara moja. Hakupewa. Alifariki mwaka 1985, na wanafunzi wetu wanamkariri Koch tu. Sisi nasi tumezoea kudhani elimu hushuka na ndege kutoka Ulaya.

Sumu hiyo huiwasha seli ya utumbo isizimike: chumvi humwagika nje, maji huifuata, hata lita moja kwa saa. Na si mali ya bakteria kwa asili. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kuwa jeni zake hubebwa na kirusi kinachoambukiza bakteria. Mlango wa kirusi hicho ni vinyweleo vilevile vya kujishikia utumboni. Vibrio wengi wa majini hawana jeni hizo, wala hawaleti mlipuko.

Sasa wauza matunda. Tunda halizai kirusi wala bakteria. Hupakwa maji yenye kinyesi, na maji hayo hutoka mtaa usio na vyoo, ambao halmashauri huukumbuka siku ya kutoza ushuru. Aliyekwisha kuugua apewe maji ya ORS, yaani ya chumvi na sukari, mara moja, pakiti kwa lita ya maji salama, akiwa njiani kwenda kituoni: mlango wa kufyonza sukari pamoja na chumvi haukuguswa na sumu. Aliyelegea kabisa anahitaji dripu. Kwa nini mlango huo ulisalimika, tutaeleza wiki ijayo.