Picha Ndogo Ndani ya Mstari wa Maandishi

Picha ndogo iliyopachikwa katikati ya sentensi, kama alama ya simu kando ya namba au mchoro wa kitufe ndani ya maelekezo ya mashine, huhesabiwa na programu ya kuandikia kuwa ni herufi. Jambo hilo likishaeleweka, vurugu nyingi za mpangilio hupata maelezo.

Mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa kukalisha herufi juu ya mstari wa daftari, huku g, j, p na y zikiteremsha mikia chini yake. Kompyuta nayo ina mstari wa namna hiyo, ila hauonekani. Picha haina mkia: ukingo wake wa chini hukanyaga mstari, na kimo chake chote huelekea juu. Matokeo yake, picha huonekana imeruka, na mstari wa maandishi ulioibeba husukumwa mbali na ule wa juu yake.

Tuseme maandishi ni ya Times New Roman, ukubwa wa pointi 12. Pointi 72 hufanya inchi moja, kwa hiyo picha yenye kimo cha pointi 12 ina milimita 4 na ushee. Ungedhani italingana na maneno, lakini herufi kubwa za fonti hiyo zina kimo cha pointi 8 hivi tu, kwa sababu ukubwa wa fonti hujumuisha pia nafasi ya mikia. Picha basi huzidi kwa pointi 4. Nusu ya ziada hiyo ikiteremshwa chini ya mstari, yaani pointi 2, katikati ya picha hukutana na katikati ya herufi kubwa. Mikia yenyewe hushuka pointi mbili na nusu hivi, kwa hiyo picha haivuki nafasi iliyokwisha kutengwa, na mistari hurudi kuachana sawasawa.

Katika Microsoft Word kazi hiyo haifanywi kwenye mipangilio ya picha, na hapo ndipo wengi hupotea. Hufanywa kwenye fonti: picha huchaguliwa, hubonyezwa Ctrl na D, kisha katika ukurasa wa pili wa kisanduku kinachofunguka huchaguliwa kushusha na kuandikwa idadi ya pointi. Hati yenye picha nyingi za aina moja hustahili kutengenezewa mtindo wa herufi wenye kipimo hicho, ili kila picha ipewe mtindo badala ya kurudia hesabu. LibreOffice Writer ni nyepesi zaidi kwa kazi hii. Picha ikishatiwa nanga kama herufi, inaweza kuwekwa katikati kwa kufuata herufi au mstari mzima, au kuvutwa juu na chini kwa kipanya.

Kabla ya kupima chochote, picha ikaguliwe kingo. Alama nyingi huja na ukanda mtupu usio na rangi pembeni, na programu huupima kama sehemu ya picha. Ukanda huo ukatwe kwanza, la sivyo hesabu yote itakwenda kombo.

Picha ikitokea kama kipande chembamba tu, kosa kwa kawaida liko kwenye nafasi ya mistari. Aya imepewa kimo kisichobadilika, na kila kinachozidi hapo hufichwa. Kurudisha nafasi ya kawaida huifichua.

Kuiacha picha ielee huru juu ya ukurasa ni suluhisho baya kwa alama ndogo, kwani sentensi moja ikiongezwa, maneno husogea na picha hubaki nyuma. Alama inayoanzisha mstari, kama ile ya simu kwenye kichwa cha barua, hutulia vizuri ndani ya jedwali lisilo na mipaka, picha katika seli moja na maneno katika nyingine, zote zikipangwa katikati kwa wima. Na kama kinachotakiwa ni alama ya vema, nyota au mshale, herufi maalumu ya fonti hufaa kuliko picha: hukua na kupungua pamoja na maandishi, na hukaa mahali pake bila kushushwa.