Inchi Yetu Itatengenezwa kwa Njia Gani?

Siku ya Dominika, misa ikiisha, watu wa Butembo na wa Beni hawarudi mara moja nyumbani. Wanabaki kwenye uwanja wa kanisa wakizungumza, na mara nyingi wanamzunguka padri au katekista. Ulizo lao ni moja: «Inchi hii itatengenezwa kwa njia gani?» Mmoja anasema: «Tukatiwe provinsi yetu wenyewe.» Wa pili anasema: «Hapana, tunahitaji mkubwa mmoja mwenye nguvu kule Kinshasa.» Wa tatu: «Tuachwe tujitegemee.» Na wa nne, aliyechoka kuzika watu wake: «Askari watawale.»

Seminarista wa leo ni padri wa kesho, naye ataulizwa hivyo hivyo. Haifai ajibu kwa kuchagua chama. Lakini haifai pia anyamaze kama mtu asiyejua kitu. Basi tujifunze. Njia hizo nne zote zimekwisha kujaribiwa hapa kwetu, na mazee wetu wanazikumbuka. Tuzitazame moja moja, kisha tuone kilichokosekana katika zote.

I. Kukata provinsi

Wakati wa uhuru, mwaka 1960, Kongo ilikuwa na provinsi sita. Mwaka 1962 wabunge walianza kuzikata, hata zikawa 21. Watu waliziita provinsi ndogo. Ndipo Kivu ya Kaskazini ilipozaliwa mara ya kwanza, na shina lake lilikuwa teritwari za Beni na Lubero. Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964 ikazithibitisha provinsi hizo na kuzipa uwezo mwingi.

Watu wetu walifurahi. Lakini ulizo jipya lilitokea papo hapo: Goma na Rutshuru ni za nani? Katika Masisi ugomvi ulifika kwenye damu, ndiyo vita vilivyoitwa Kanyarwanda. Aliyekuwa mdogo katika provinsi kubwa akawa mkubwa katika provinsi ndogo, na mwingine akawa mdogo chini yake. Kukata shamba hakukuleta amani kati ya ndugu. Kulisogeza mpaka tu, na ugomvi ukahamia kwenye mpaka mpya.

Provinsi ndogo zilifutwa mwaka 1966. Kivu ya Kaskazini ikarudi mwaka 1988, Kivu ilipogawanywa mara tatu: Kaskazini, Kusini na Maniema. Mwaka 2015 provinsi sita nyingine za Kongo zilikatwa, na hesabu ya provinsi ikafika 26. Yetu haikuguswa. Wanaotaka Beni na Lubero ziwe provinsi peke yake wana sababu zao, maana Goma ni mbali na njia ni ya hatari. Lakini wakumbuke mwaka 1962.

II. Mkubwa mmoja kule Kinshasa

Jenerali Mobutu alichukua utawala tarehe 24 Novemba 1965. Alisema siasa za ugomvi zimeangamiza inchi, na wengi walimwamini, sababu walikuwa wamechoka kweli. Alipunguza provinsi, akaondoa vyama, na magavana wakatumwa toka juu, kila mmoja mbali na kwao, ili wasiwe na mizizi mahali wanapotawala.

Kwa miaka ya kwanza palikuwa na utulivu. Lakini mtumishi aliyetumwa na mkubwa humtazama mkubwa. Akiiba, raia hawawezi kumwondoa. Akifanya vema, hawawezi kumbakiza. Barabara ziliharibika, mishahara ya walimu ikakawia, na watu wa Butembo walijifunza kutengeneza wenyewe njia zao kwa michango na salongo. Chuo Kikuu cha Kikatolika cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989 na Askofu Emmanuel Kataliko, wakati serikali ilipokuwa imekwisha kulemewa na vyuo vyake yenyewe.

III. Kila mji ujitegemee

Vita vya mwaka 1998 vilikata Kongo vipande. Beni na Butembo ziliangukia mikono ya waasi wa RCD-ML, waliokuwa na makao yao Beni. Kwa miaka kadhaa Kinshasa haikutawala hapa. Wafanyabiashara wakubwa wa Butembo walipatana na waasi juu ya ushuru wa forodha, na sehemu ya mali iliendelea kujenga mji. Wageni waliopita walishangaa kuona nyumba mpya na maduka yaliyojaa katikati ya inchi iliyokuwa inaungua.

Hapa tuwe waangalifu. Juhudi ile ni sifa ya kweli, wala hatuikatai. Lakini nani alikaa mezani siku ya kupatana? Mwenye bunduki na mwenye mali. Mkulima wa Bashu, mama muuza mihogo sokoni na Mbuti wa msituni hawakuitwa. Na nani angeweza kusema neno la ukweli bila hatari? Askofu Kataliko, aliyekuwa wakati ule Askofu Mkuu wa Bukavu, aliandika wazi juu ya mateso ya watu wake. Mwaka 2000 waasi wa Goma walimzuia kurudi Bukavu, wakamfukuzia Butembo kwa miezi saba. Alirudi mwezi wa Septemba, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule.

IV. Utawala wa askari

Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamechinjwa usiku na mchana, katika mashamba na vijijini, na wengi wa wauaji ni wa kundi la ADF lililotoka Uganda. Mwaka 2018 homa ya Ebola iliongezeka juu ya msiba huo. Kwa sababu ya mambo hayo mawili, tume ya uchaguzi ilitangaza tarehe 26 Desemba 2018 kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na inchi nzima. Tarehe 30, watu wa Beni walipanga mistari wenyewe, wakapiga kura zao kwa karatasi walizojitengenezea, ili kuonyesha kwamba kupanga mistari kunawezekana. Kura zile hazikuhesabiwa na tume ya uchaguzi. Rais mpya aliapa tarehe 24 Januari 2019. Sisi tulichagua wabunge tu, tarehe 31 Machi. Raia zaidi ya milioni moja walikosa neno lao juu ya rais.

Ndipo, tarehe 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya askari. Gavana wa raia aliondoka, baraza la provinsi likasimamishwa, na nafasi za meya wa Beni na wa Butembo zikashikwa na maofisa wa polisi. Raia walianza kuhukumiwa katika mahakama za kijeshi. Katiba inaruhusu dawa hiyo kwa siku 30, nayo huongezwa kwa siku 15 kila mara bunge linapokubali. Iliongezwa hivyo mwaka baada ya mwaka. Mauaji hayakwisha. Mwezi wa Juni 2024 M23 walichukua Kanyabayonga, na mwisho wa Januari 2025 wakachukua Goma, wakisaidiwa na Rwanda. Makao ya provinsi yakahamia Beni kwa muda.

Askari ni wa lazima panapokuwa na adui, hakuna mtu mwenye akili anayekana neno hilo. Lakini kupigana na adui ni kazi moja, na kutawala soko, shule na kodi ni kazi nyingine.

V. Kilichokosekana katika zote nne

Mazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Neno hilo linafaa kwa mali, linafaa pia kwa utawala. Mkubwa wa provinsi ndogo alitoa hesabu kwa kabila lake, gavana wa Mobutu kwa Mobutu, muasi kwa wenye kumpa feza, na ofisa kwa jemadari wake. Katika njia zote nne, mkulima hakuwa na mahali pa kusimama na kuuliza: «Nani alikutuma, na kodi yangu iko wapi?»

Basi, tunapopima mpango wowote, tuanze na ulizo hilo. Utawala uwe wa provinsi 26 au 50, uwe wa umoja au wa shirikisho, kama asiye na nguvu hawezi kumwuliza mtawala na kumbadilisha, tutakuwa tumebadilisha majina tu.

VI. Sheria iliyoandikwa na isiyofwatwa

Wengine watasema: «Basi tuandike katiba mpya.» Rais mwenyewe alilileta neno hilo Kisangani mwezi wa Oktoba 2024, na mabishano yakawa makali. Lakini kabla ya kutupa nguo, tuangalie kama tuliwahi kuivaa.

Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba mji, komini, sekta na sheferi vijiendeshe vyenyewe katika mambo yao. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza namna. Komini iwe na baraza lililochaguliwa na raia, na baraza hilo lichague mkuu wa komini. Je, Butembo ina komini ngapi? Nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Beni vilevile nne: Beu, Bungulu, Mulekera na Rwenzori. Hata moja haikuwahi kuchagua baraza lake chini ya katiba hiyo. Mwezi wa Desemba 2023 uchaguzi wa komini ulipangwa kwa miji mikuu ya provinsi peke yake.

Tuangalie na feza. Tuseme lori limelipa kwenye forodha ya Kasindi ushuru wa franka 100. Katiba inataka 40 zibaki kwa provinsi, tena zizuiliwe papo hapo, zisisafiri kwanza mpaka Kinshasa. Franka 10 ziingie katika sanduku la kusaidiana kati ya provinsi, na 50 ziwe za serikali kuu. Na katika zile 40 za provinsi, sheria inazipa miji, komini, sekta na sheferi sehemu ya 40 kwa mia, maana yake franka 16. Kwa kweli mambo huenda kinyume: feza zote hupanda Kinshasa, na kinachorudi hurudi kikikawia, tena pungufu. Na mwaka 2011 katiba iligeuzwa, Rais akapata uwezo wa kuvunja baraza la provinsi na kumwondoa gavana panapokuwa na msukosuko mkubwa.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba njia hii ilishindwa. Haikuanzwa bado. Na papa Pio XI aliandika tangu mwaka 1931 kwamba kazi ambayo kundi dogo linaweza kuifanya lenyewe, kundi kubwa lisiinyang'anye. Kundi kubwa lisaidie pale dogo linaposhindwa.

VII. Majibu kwa wenye mashaka

«Mkubwa wa karibu naye ni mwizi.» Anaweza kuwa mwizi, ndiyo. Lakini mwizi wa karibu anaonekana. Nyumba yake inajengwa mbele ya macho yetu, na baraza linaweza kumwita.

«Wengi watawaonea wachache.» Hatari hii ni ya kweli, na mwaka 1962 unatuonya. Kwa hiyo baraza peke yake halitoshi. Sheria ya inchi nzima na mahakama zake lazima zimlinde Mbuti, mgeni na mkimbizi, hata pale wengi wasipopenda.

«Komini haiwezi kumshinda ADF.» Ni kweli. Jeshi, mipaka, sarafu na barabara kubwa ni kazi za serikali kuu. Barabara ya Kasindi mpaka Beni, kilometa 80, na ya Beni mpaka Butembo, kilometa 54, zilihitaji marais wawili kupatana mwaka 2021. Hatutaki serikali kuu ife; tunataka ifanye kazi yake na kuacha isiyo yake.

VIII. Kazi yetu

Sheria ya Kanisa inamkataza padri kushika kazi ya utawala wa serikali au kuongoza chama. Lakini haimkatazi kufundisha. Katika kila shirika, katekista anaweza kueleza zile franka 100 kwa watu wasiojua kusoma, na siku hiyo watu watajua waulize nini na wamwulize nani.

Neno la mwisho linatugusa sisi. Sheria ile ile ya Kanisa, kanuni ya 1287, inataka waamini wapewe hesabu ya mali waliyoitoa. Je, katika parokia yetu sadaka ya mwaka inasomwa mbele ya watu? Mwenye kushika fungu katika shirika anaonyesha daftari? Kijana aliyezoea kuona padri wake akitoa hesabu hatashangaa siku moja kumwomba meya wake afanye vilevile. Na aliyezoea kuona padri akificha, tutamfundisha nini juu ya Kinshasa? Tuanze hapo, Dominika inayokuja.