Jani la Nduma na Maji ya Magadi

Wakulima, maji ya Ziwa Simbi, karibu na Kendu Bay, yana magadi mengi, hayafai kunywa. Kuyachemsha huua vijidudu tu. Magadi hubaki yote, tena huzidi ukali maji yapunguapo. Dawa ni kukamata mvuke wake na kuupoza uwe maji.

Iko njia isiyohitaji kuchemsha. Maji yaliyopashwa moto, hata kwa jua, hupita upande mmoja wa utando wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Mvuke hupenya. Maji na magadi hayapenyi, kwa kuwa utando huyakataa. Lakini ukilowa, magadi hupita.

Basi wataalamu wamejifunza kwa majani. Mwagieni jani la nduma maji: yatakuwa matone na kubingirika, yakichukua vumbi. Jani lina vinundu vidogo mno vyenye nta. Mwaka 1997 Barthlott na Neinhuis wa Ujerumani walieleza siri ya majani ya namna hii. Katika maabara, utando hupakwa vinundu kama hivyo usilowe upesi.

Sasa mwagieni jani maji ya sabuni. Yatalala juu yake. Sabuni huuharibu utando vivyo hivyo.

Hadi vyombo hivyo vitufikie, tutege maji ya mvua.