Chumba cha Larsson na jiko la Kikopey

Huku Sweden utakikuta chumba kilekile kwenye kalenda, kadi za Krismasi, hata sinia za kahawa: dirisha lenye maua, benchi ya mbao iliyopakwa rangi, mtoto ameinamia kitabu. Ni michoro ya rangi za maji ya Carl Larsson, na chumba ni cha nyumbani kwake.

Nyumba hiyo ya mbao, Lilla Hyttnäs, iko kijijini Sundborn. Baba mkwe ndiye aliyewapa Larsson na mkewe Karin mwaka 1888. Kiangazi cha 1894 mvua ilikataa kukatika, na inasimuliwa kwamba Karin alimwambia mumewe achore vyumba kuliko kukaa bure. Mwaka 1899 michoro ikachapishwa kitabuni, Ett hem. Sifa zikamwendea mume, ilhali vitambaa, mapazia na samani nyingi tunazozitazama mle ni ubunifu wa Karin, mchoraji naye. Wanaosema IKEA ilichota hapo, wamtaje yeye kwanza.

Wakati huo Waswidi walikuwa wakikimbia vijiji: zaidi ya milioni moja walivuka kwenda Marekani kati ya miaka ya 1850 na 1930. Sishangai picha za nyumba ya kijijini zilipendwa. Sisi tulioko ughaibuni tunaujua ugonjwa huo wa kukumbuka nyumbani.

Kwetu Kikopey, juu ya Ziwa Elementaita, jirani mwenye jina katika rangi za maji alikuwa Joy Adamson wa Elsamere, Naivasha. Michoro yake ya maua ilimpatia nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 1947, kisha serikali ya kikoloni ikamwagiza achore watu wa jamii za Kenya. Akawachora na shanga zao, ngozi na mikuki, wengi wao nyuma yao pakiwa patupu. Walikolala na kupikia hapaonekani. Larsson alichora kwake. Adamson alichora kwa wenyewe.

Nyumba za wakulima wa Kikopey nazo si za kale. Hapo palikuwa ranchi ya walowezi, Kekopey, kabla ya kununuliwa na ushirika wa wakulima. Hata nyani waliochunguzwa na mtafiti Shirley Strum ilibidi wahamishiwe Laikipia mwaka 1984, maana walikuwa wameonja mahindi.

Ukiniuliza, jiko la kuni la huko ni mtihani mgumu kwa mchoraji kuliko sebule ya Sundborn. Mafiga matatu, kuta zimeiva masizi, kuni zimepangwa juu ya itara, uchaga ulio juu ya moto, zikauke, na jua linapenya kwenye matundu ya misumari ya mabati. Katika rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe, iliyoachwa bila kuguswa. Kwa hiyo mchoraji aanze na matundu: ayasugue kwa nta ya mshumaa ili rangi isishike, ndipo apake giza tabaka baada ya tabaka, kila moja ikikauka kwanza. Moshi auache mwisho, autoe kwa kufuta rangi kwa kitambaa kibichi.